Vijiti vya kahawa si takataka: Funzo la maisha ya Albert Howard

Kila mwaka, mavuno makuu ya kahawa yanapomalizika na wakulima wa Nyeri wanaposhika misumeno na makasi ya kupogolea, moshi huanza kufuka katika vilima vya Mathira, Tetu, Othaya na Mukurweini. Matawi membamba ya mikahawa, vijiti vya miparachichi na mimakadamia, mabua ya mahindi na majani makavu ya migrevilia hukusanywa pembeni mwa shamba na kutiwa moto. Majuma machache baadaye, mkulima yule yule hufunga safari hadi mjini Karatina au Nyeri kununua mbolea ya viwandani, aghalabu kwa mkopo utakaokatwa katika malipo ya kahawa yake. Yaani huteketeza sehemu ya rutuba ya shamba lake, kisha hukopa fedha ili ainunue tena.

Ukimwuliza sababu, atakujibu kwamba vijiti havifai kwa mboji kwa kuwa haviozi. Majani huoza, maganda ya ndizi huoza, lakini kijiti cha mkahawa hukaa ardhini miaka miwili kikiwa bado ni kijiti. Jibu hilo lina ukweli ndani yake na si la kupuuzwa. Hata hivyo, ni tatizo lililokwisha kutafutiwa dawa zaidi ya miaka 90 iliyopita, na dawa yenyewe haiuzwi dukani. Ndiyo maana leo nimeamua kuwasimulia walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu maisha ya mtu aliyeitafuta dawa hiyo, Sir Albert Howard, Mwingereza aliyefariki mwaka wa 1947.

Yamkini msomaji atashangaa kuona mhadhiri wa isimu akiacha vitenzi na viambishi na kuingilia mambo ya samadi. Sababu zangu ni mbili. Kwanza, mimi ni mzaliwa wa Mathira, na mtoto wa mkulima hawezi kuwa mgeni wa samadi. Pili, kazi yangu ni kuchunguza jinsi maarifa yanavyosafiri kutoka kinywa hadi kinywa, na jinsi baadhi yake yanavyopoteza jina la mwenyewe njiani. Maisha ya Howard yana funzo kubwa kuhusu jambo hilo.

Albert Howard alizaliwa tarehe 8 Desemba 1873 katika mji mdogo wa Bishop's Castle, wilayani Shropshire, magharibi mwa Uingereza. Baba yake alikuwa mkulima, kwa hivyo kijana huyo aliujua udongo kabla ya kuijua maabara. Alisoma sayansi jijini London, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge ambako alifaulu vizuri sana. Mnamo mwaka wa 1899 alipelekwa katika visiwa vya West Indies kuwa mtaalamu wa kuvu na magonjwa ya mimea, akifanya kazi yake hasa kuhusu miwa.

Huko ndiko alikoanza kupata shaka. Aliweza kulitambua gonjwa la muwa kwa darubini, akaweza kuliandikia ripoti na kulipa jina la Kilatini, lakini hakuwa na hata kishamba cha kujaribia ushauri aliokuwa akiwapa wakulima. Aliona kwamba mtu anayemfundisha mwenzake kulima bila yeye mwenyewe kulima hana haki kamili ya kusikilizwa. Shaka hiyo haikumwacha maishani mwake mwote. Baada ya kurudi Uingereza na kufanya kazi kwa miaka michache katika chuo cha kilimo cha Wye, mwaka wa 1905 aliteuliwa kuwa mtaalamu wa mimea wa serikali ya kikoloni nchini India, katika kituo cha Pusa, jimboni Bihar.

Hapa sharti nitaje jina ambalo vitabu vingi hulipita upesi. Mwaka huo huo wa 1905 Howard alimwoa Gabrielle Matthaei, mwanasayansi aliyekuwa amekwisha kujijengea sifa Cambridge kwa utafiti wake kuhusu jinsi majani yanavyotumia mwanga na hewa kujitengenezea chakula. Gabrielle hakwenda India kumpikia mumewe. Walifanya utafiti pamoja, wakaandika pamoja, na baadaye akapewa cheo chake mwenyewe katika idara hiyo. Aina bora za ngano zilizotoka Pusa na kuenea katika mashamba ya India zilikuwa matunda ya kazi ya wote wawili. Hadi alipofariki mwaka wa 1930, hakuna sehemu ya kazi ya Howard ambayo mkono wa Gabrielle haukuigusa.

Kule Pusa, Howard aliomba apewe ardhi yake mwenyewe, akapata ekari zipatazo 75. Kisha akafanya jambo ambalo kwa mtaalamu wa serikali ya kikoloni halikuwa la kawaida. Badala ya kuwafundisha wakulima wa vijiji jirani, alianza kuwatazama. Alitambua kwamba mashamba yao, yaliyokuwa yamelimwa kwa karne nyingi bila gunia hata moja la mbolea ya kiwandani, yalikuwa na mimea yenye afya na wadudu wachache. Basi akawafanya wakulima hao kuwa walimu wake, na wadudu pia akawafanya walimu, kwa kuwa walimwonyesha mahali ambapo mmea ulikuwa dhaifu. Alisoma vilevile kitabu cha Mmarekani F. H. King kilichotolewa mwaka wa 1911, kilichoeleza jinsi wakulima wa Uchina, Korea na Japani walivyoidumisha rutuba ya ardhi yao kwa muda wa miaka elfu nne kwa kurudisha udongoni kila kilichotoka udongoni.

Mnamo mwaka wa 1924 akina Howard walihamia Indore, mji wa India ya kati, kuongoza taasisi mpya ya utafiti wa mimea iliyokuwa na shamba la ekari 300. Zao kuu la eneo hilo lilikuwa pamba. Tatizo lililowakabili huko ndilo hili letu la Nyeri, ingawa kwa sura nyingine. Baada ya mavuno, mashamba yalibaki na mashina ya pamba na ya mbaazi, magumu kama kuni. Samadi nayo ilikuwa haba, kwa sababu sehemu kubwa yake ilikaushwa na kutumiwa jikoni kama kuni. Je, mashina hayo magumu yangegeuzwaje kuwa mbolea katika muda ambao mkulima maskini angeweza kuusubiri?

Jibu lao halikuwa na muujiza wowote. Kwanza, mashina yalitandazwa juu ya barabara za shamba, magurudumu ya mikokoteni na kwato za ng'ombe zikayapondaponda hadi yakawa kama majani makavu yaliyovunjika. Yale magumu zaidi yalilowekwa majini kwa siku mbili hivi. Kisha yalitandikwa zizini chini ya ng'ombe, yakanywa mkojo na kukanyagwa tena pamoja na kinyesi. Baada ya hapo ndipo yalipopelekwa kwenye shimo la mboji, ambalo kina chake hakikuzidi futi tatu ili hewa ipenye. Humo yalipangwa kwa matabaka pamoja na majani ya kila aina, samadi mbichi, udongo uliochimbwa zizini ukiwa umelowa mkojo, na majivu ya kuni. Maji yalinyunyizwa, na mboji kidogo kutoka shimo la zamani ikachanganywa ndani kama mama anavyotia chachu katika unga. Lundo lilipinduliwa mara tatu: baada ya majuma mawili, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi miwili. Kufikia mwezi wa tatu, mashina ya pamba hayakutambulikana tena.

Njia hiyo ikaja kujulikana ulimwenguni kwa jina la mji wa Indore. Howard aliieleza katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1931 pamoja na mwanakemia Mhindi aliyeitwa Yeshwant Wad. Leo jina la Howard linatajwa kila mahali, lakini la Wad limesahauliwa, na wale wakulima wa Bihar na Indore hawakuwahi hata kuandikwa majina. Howard mwenyewe hakuficha kwamba alijifunza kwao. Ni sisi wasomaji wake tuliozoea kudhani kwamba maarifa huanzia pale yanapochapishwa.

Nieleze kidogo ni kwa nini njia hiyo hufanya kazi, kwa kuwa mwanafunzi asiyejua sababu hubakia mwiga tu. Mti unasimama kwa nguvu ya kitu kinachoitwa lignini, ambacho huzifunga nyuzi za ubao kama saruji inavyoyafunga mawe. Bakteria wengi hawawezi kuivunja lignini. Wanaoiweza hasa ni aina fulani za kuvu, na kuvu hao huhitaji unyevu, hewa na muda. Zaidi ya hayo, ubao una kaboni tele lakini naitrojeni kidogo mno. Viumbe vidogo vinavyokula lundo hupenda mchanganyiko ulio na takriban sehemu 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni, ilhali katika vumbi la mbao kaboni huweza kuizidi naitrojeni mara mia kadhaa. Kwa hivyo mwenye kulundika vijiti vitupu ni sawa na mtu aliyewaalika wageni kwenye karamu ya ugali usio na mboga. Mkojo na samadi huongeza naitrojeni, kuponda huwafungulia kuvu mlango wa kuingilia, maji huwawezesha kuishi, kupindua huwapa hewa, na mboji ya zamani huwaleta wenyewe wakiwa tayari kwa kazi.

Kiswahili chetu kinalifahamu jambo hili kuliko tunavyodhani. Mboji ikiwa tayari husemwa kwamba imeiva, kama ndizi au chakula kilichoko motoni. Kuoza ni kuharibika. Kuvunda ni kunuka. Kuiva ni kufika mwisho uliokusudiwa, na hapana kinachoiva bila ya mtu wa kukiangalia. Lundo linalotoa uvundo limekosa hewa, na lililokauka likabaki vile vile limekosa maji na chakula. Lililoiva hunukia kama udongo wa msituni baada ya mvua. Nawaomba walimu wa Kiswahili na wale wa kilimo wakutane katika maneno haya matatu, maana tofauti zake ni somo zima la sayansi.

Turejee kwa Howard. Baada ya Gabrielle kufariki, aliondoka India mwaka wa 1931 na kurudi Uingereza, ambako alimwoa Louise, dada yake Gabrielle, aliyeuendeleza ushirikiano ule wa kazi. Mwaka wa 1933, katika ziara yake barani Afrika, alipitia nchini Kenya. Huko Kiambu, katika shamba la kahawa la Kingatori, alikuta kazi ya kutengeneza mboji kwa njia ya Indore ikiwa ndiyo kwanza imeanza, kwa amri ya mwenye shamba, Ewart Grogan. Kutoka hapo njia hiyo ilienea katika mashamba mengine ya kahawa ya walowezi. Kwa hivyo mkahawa wa Kenya ulikuwa miongoni mwa mimea ya kwanza ya mashamba makubwa duniani kulishwa mboji ya Howard.

Lakini historia ina upande wake wa pili. Grogan huyo ndiye aliyewachapa viboko hadharani wavuta rikisho wa Kikuyu jijini Nairobi mwaka wa 1907, mbele ya jengo la mahakama. Na mwaka huo wa 1933, Mwafrika wa Nyeri hakuruhusiwa kupanda mkahawa hata mmoja katika ardhi yake. Mikono iliyokatakata matawi, iliyobeba samadi na kuyapindua malundo katika mashamba ya walowezi ilikuwa mikono ya Waafrika, lakini maarifa hayo hayakukusudiwa kurudi nao nyumbani. Kahawa ya wakulima wadogo wa Nyeri ilikuja kuenea katika miaka ya 1950. Kabla ya hapo, hifadhi ya udongo ilikuwa imewafikia watu wetu kwa sura ya amri na kazi ya lazima, hata wakulima wa Murang'a, wengi wao wanawake, wakagoma kuchimba matuta mwishoni mwa miaka ya 1940. Nionavyo mimi, hapo ndipo penye mzizi mmoja wa dharau yetu kwa mboji. Jambo jema likiletwa kwa kiboko, watu hulikumbuka kwa kiboko na kusahau wema wake.

Uhuru ulipokuja, tuliridhi mkahawa, lakini tukarithi pamoja nao imani kwamba rutuba hutoka kiwandani. Mwaka wa 2022 bei ya mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya kupandia ilipita shilingi 6,000. Serikali iliteremsha bei ya mbolea ya ruzuku hadi shilingi 3,500 mwaka huo, na hadi shilingi 2,500 mwaka wa 2023. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Lakini mwaka wa 2024 wakulima katika sehemu mbalimbali za nchi waligundua kwamba baadhi ya mifuko waliyokuwa wameuziwa ilikuwa na vitu visivyostahili kuitwa mbolea. Mkulima asiye na njia nyingine ya kulisha shamba lake hana la kufanya siku anapouziwa mchanga.

Sisemi kwamba Howard alikuwa sahihi katika kila jambo. Alizichukia mbolea za viwandani kiasi cha kutoona faida yoyote ndani yake, na baadhi ya madai yake kuhusu mboji na afya ya mifugo na binadamu yalivuka ushahidi aliokuwa nao. Udongo wetu mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya una tabia ya kuishika fosforasi na kuinyima mimea, na sehemu nyingi umekuwa na asidi kupita kiasi. Mashamba mengine yatahitaji chokaa na mbolea ya kununua kwa kiasi. Hata hivyo, udongo usio na mboji hauwezi kuitunza vizuri hata hiyo mbolea ya kununua, kwani mvua ya masika huichukua na kuipeleka mtoni Sagana. Vitu hivi viwili havigombani shambani. Vinagombana vinywani mwetu.

Basi mkulima wa leo wa Karatina au Kerugoya afanyeje na vijiti vyake? Ninajua kwamba matawi manene ni kuni, na hakuna mama atakayeyatupa kwenye lundo huku jiko lake likingoja. Hilo ni sawa. Yanayozidi unene wa kidole gumba na yaende jikoni. Yaliyo chini ya hapo, ambayo kwa kawaida huchomwa shambani, ndiyo yaende kwenye mboji. Yakatwe kwa panga vipande visivyozidi urefu wa kidole, kisha yalowekwe siku mbili. Mwenye ng'ombe na ayatandaze zizini kwa majuma kadhaa. Jirani yetu mmoja kule Mathira, mama mwenye ng'ombe wawili, hufanya hivyo kila anapopogoa, na hajawahi kulisikia jina la Howard. Nilipomwuliza alikojifunza, alinieleza kwamba alichoka tu kuona ng'ombe wake wakilala kwenye matope. Wakulima wa Bihar wangemwelewa.

Vijiti visizidi theluthi moja ya lundo. Sehemu nyingine iwe ya majani mabichi na samadi. Kandokando ya barabara zetu nyingi huota tithonia, ule mmea wa maua ya manjano yanayofanana na alizeti. Majani yake makavu yana takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni, kiasi kinachokaribiana na cha mimea ya jamii ya kunde, na hayauzwi na mtu. Penye kiwanda cha kumenyea kahawa pana maganda mengi ambayo yakitiririshwa mtoni huwa sumu, lakini yakichanganywa na vijiti huwa chakula cha kuvu. Mkojo wa ng'ombe uliochanganywa na maji na umwagwe juu ya kila tabaka la vijiti. Majivu yawe machache, ukungu tu wa majivu juu ya tabaka, kwa kuwa yakizidi huifukuza naitrojeni ikapotea hewani. Mwisho, ndoo moja ya mboji ya zamani au ya udongo wa juu kutoka chini ya miti huleta kuvu wanaohitajika.

Kuna wanaopendekeza molasi, na wengine huuza chupa za vijidudu kwa bei ghali. Molasi huwapa bakteria nguvu za siku chache, lakini upungufu wa naitrojeni hauponyeshwi kwa sukari. Vijidudu vya chupa navyo, vikiingia katika lundo kavu lisilo na samadi wala hewa, vitakufa kama wengine wote. Na vikiingia katika lundo lililotayarishwa vizuri, vitawakuta wenzao wamekwisha kuanza kazi. Mkulima asinunue mgeni kabla hajamwandalia chakula.

Yapo pia mambo ya hali ya hewa. Nyeri ni mji wa baridi, hasa kati ya Juni na Agosti, na lundo dogo hupoa upesi. Urefu, upana na kimo visipungue mita moja kila upande, na juu pafunikwe kwa majani ya mgomba ili mvua isiyasombe yaliyomo. Upande wa Nanyuki na Naro Moru, ambako mvua ni haba, adui ni ukavu, kwa hivyo shimo fupi hufaa zaidi kuliko lundo la juu. Ukikamata konzi ya mchanganyiko na kuiminya, iwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa. Chomeka kijiti kirefu katikati ya lundo. Ukikichomoa baada ya muda kikiwa na joto, kazi inaendelea. Kikiwa baridi, pindua na uongeze mkojo.

Wala tusidanganyane kuhusu muda. Howard alipata mboji katika miezi mitatu katika joto la Indore, akiwa na vibarua na ng'ombe wengi. Vijiti vya mkahawa katika baridi ya Nyeri huenda vikahitaji miezi mitano au sita. Lundo linalojengwa Februari baada ya kupogoa litakuwa tayari kabla ya mvua za vuli za Oktoba. Vipande vitakavyobaki vigumu vichekechwe na kutiwa katika lundo linalofuata, ambako vitaingia vikiwa tayari vimejaa kuvu. Kwa njia hiyo kila lundo humrahisishia kazi mwenzake.

Howard alipewa cheo cha Sir mwaka wa 1934. Mwaka wa 1940, Ulaya ikiwa vitani, alikitoa kitabu chake kilichosomwa kuliko vyote, kinachojulikana kama wasia wake wa kilimo, ambacho ndicho kilichowachochea waanzilishi wa kilimo hai huko Uingereza na Marekani. Wataalamu wengi wa enzi yake walimwona kama msaliti wa sayansi, kwa sababu aliwalaumu kwa kukikatakata kilimo katika vipande vidogo vidogo hata mmoja akajua jani, mwingine mdudu, mwingine udongo, na asiwepo anayelijua shamba. Alifariki tarehe 20 Oktoba 1947 jijini London, akiwa na umri wa miaka 73.

Kwa maoni yangu, ukubwa wake haukuwa katika shimo la mboji. Mashimo yalikuwapo kabla yake. Ukubwa wake ulikuwa katika kukubali, akiwa na shahada ya Cambridge na mamlaka ya serikali ya kikoloni nyuma yake, kwamba mkulima asiyejua kusoma alikuwa na jambo la kumfundisha. Wasomi wangapi miongoni mwetu, hata sisi tuliozaliwa na wakulima hao, tunaweza kusema hivyo? Tunarudi nyumbani Krismasi na magari yetu, tunamkuta mama anaponda vijiti zizini, na badala ya kumwuliza anafanya nini tunamwambia apumzike.

Nawageukia walimu. Shule zetu nyingi za vijijini katika kaunti za Nyeri, Kirinyaga, Embu na Meru zina shamba, zina miti inayopogolewa, na nyingine zina ng'ombe. Vyama vya 4K vipo. Mwanzoni mwa muhula, wanafunzi wajenge malundo mawili ya ukubwa sawa kwa vijiti vya aina moja. Moja waliache bila nyongeza. La pili walitie samadi, mkojo, tithonia na mboji ya zamani. Kila juma wapime joto, kimo na harufu, na waandike. Wawaulize vilevile bibi na babu zao majina ya mimea iliyotumiwa zamani kuivishia thumu, kama Wakikuyu wanavyoiita samadi, na wayaandike majina hayo kabla wenyewe hawajaondoka duniani. Kufikia mwisho wa mwaka watakuwa wamejifunza sayansi, hesabu, historia na lugha katika lundo moja.

Marehemu Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe hapa Nyeri, aliwafundisha Wakenya kupanda miti. Somo hilo tumelielewa kwa kiasi. Lililobaki ni kujifunza kuurudisha mti ardhini unapomaliza kazi yake. Msimu ujao wa kupogoa hauko mbali. Mkulima atakapokuwa amekusanya vijiti vyake pembeni mwa shamba na kutia mkono mfukoni kutafuta kiberiti, naomba awepo mtoto wa shule karibu naye wa kumwambia angoje kidogo, kisha akimbilie zizini kuleta ndoo.